Fidia ya Gari la Roxy

Spokane,
27 Novemba 2016

Mwanangu Roxy,

Pokea salamu zangu na za Junie. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku tunasukuma siku. Theluji imeshaanza, na mgongo wangu uliniambia kabla redio haijatangaza. Binti yako hajambo, ila kile kikohozi chake cha kila baridi kimerudi. Tangu atimize miaka mitano hataki kuitwa mtoto. Nikimwita mtoto ananijibu, "Mtoto ni wewe babu, unayedondosha supu kwenye shati."

Nakuandikia kwa jambo moja. Kesi ya magari ya dizeli imefika mwisho. Unakumbuka kelele za mwaka jana, jinsi kampuni ilivyoficha ujanja kwenye kompyuta ya injini: gari likipimwa moshi linajua linapimwa, linajitia adabu, likirudi barabarani linamwaga uchafu wake kama kawaida. Sasa jaji ameidhinisha jinsi ya kuwafidia wenye magari, na lako limo. Kuna njia mbili. Unaweza kuwarudishia gari, wakakulipa thamani liliyokuwa nayo kabla ya fedheha, na nyongeza juu yake. Au unabaki nalo, unasubiri wavumbue namna ya kulirekebisha, ambayo mpaka leo hawajaipata, na unapewa ile nyongeza peke yake.

Mimi naona tulirudishe. Lakini gari lina jina lako, kwa hiyo siwezi kufanya lolote mpaka usaini hati ya kunipa mamlaka, mbele ya ofisa wa muhuri hapo gerezani. Nimeitia humu. Mwanangu, usikawie.

Usiandike tena kwenye ile nyumba. Tumia sanduku la posta lililo juu ya bahasha. Barua zilikuwa zinapotea.

Baba yako,
Lyle


Gereza la Wanawake,
9 Desemba 2016

Baba mpendwa,

Salamu kutoka ng'ambo ya milima, huku kusikokuwa na theluji bali mvua tu, mvua mpaka mtu anaota kuvu. Jino waling'oa, asante kuuliza. Mgongo wako je? Unaukanda? Mwambie Junie mama yake anamsalimu, na anajua kwamba yeye si mtoto.

Barua yako nimeisoma na jibu langu ni hapana. Gari sirudishi.

Fikiri kidogo, Baba. Nikitoka hapa mwakani nitakuwa na nini? Rekodi ya kuuza vidonge vya kulevya, na mikono miwili. Yule mama wa kampuni ya usafi ameniahidi kazi, na sharti lake ni moja: uwe na gari, maana nyumba anazosafisha ziko mbali na basi. Gari lile nililinunua kwa pesa aliyoniachia Mama. Ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kununua kwa pesa isiyo na aibu.

Na nililinunua kwa ajili ya Junie. Nilimwambia muuzaji mtoto wangu ana pumu, nataka gari lisilo na moshi mbaya. Akaweka mkono kifuani kama anayeapa. "Dada," akasema, "moshi wa hili ni msafi kuliko hewa ya jikoni kwako." Nikamwamini, nikalisifia gari kwa kila mtu. Kwa hiyo usidhani sina hasira nao. Ninayo. Lakini hasira haitanifikisha kazini. Tuchukue ile njia ya pili, tusubiri.

Halafu nikuulize, usinichukie. Haraka hii inatoka wapi? Na hili sanduku la posta? Umeanza tena kunywa?

Nyote wawili nawatakia Krismasi njema.

Mwanao,
Roxy


Spokane,
20 Desemba 2016

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Wewe je?

Sijanywa. Tangu tumzike mama yako sijagusa chupa, na nisingethubutu kuigusa nikiwa na mtoto mkononi. Sikuchukii kwa kuuliza. Nilikupa sababu za kutosha za kuuliza.

Mambo yamebana, basi. Vitu vimepanda bei. Nakuomba tena uifikirie ile hati, na safari hii nakuomba kama mtu anayeomba kweli. Junie anakohoa zaidi. Alitaka nikuandikie kwamba amemwona kulungu kwenye maegesho ya supamaketi, akamwambia, "Duka limefungwa, rudi kesho."

Krismasi njema, mama.

Baba yako


Gereza la Wanawake,
14 Januari 2017

Baba,

Sitauliza hali yako. Hali yako naijua.

Wiki hii ameletwa mwanamke mpya kwenye jengo letu, Charlene Fitch, wa huko huko kwetu. Tulikuwa kwenye foleni ya chakula nikataja jina langu. Akanigeukia. "Brandvold? Una undugu na yule mzee wa gari la kijivu?" Nikamuuliza mzee gani. "Yule anayelala nyuma ya supamaketi na kajukuu kake. Ana mablanketi kwenye vioo. Mimi pia nilikuwa nalala pale kabla sijashikwa. Mzee mstaarabu, alinigawia siagi ya karanga." Akalitaja gari, aina yake, na lile bonyeo kwenye mlango wa nyuma nililolitia mimi mwenyewe.

Sahani yangu niliiweka chini, nikatoka kwenye foleni.

Kwa hiyo mwanangu anaishi ndani ya gari. Mimi nina kitanda, nina chakula moto, nina bomba la maji linalotoa maji ya vuguvugu, na mwanangu aliye huru analala kwenye kiti cha gari katika baridi ya Spokane. Na mimi nilikuandikia kwamba gari nalihitaji. Nikakuuliza kama unakunywa.

Niambie kila kitu. Usinifiche kwa kunihurumia. Humu ndani mtu akihurumiwa kwa uongo anapotea kabisa.

Ile hati ningesaini leo hii. Lakini ofisa wa muhuri huja mara moja kwa mwezi, na sasa jengo limefungwa kwa sababu ya mafua, haingii mtu wala hatoki. Nimemwandikia mkuu wa jengo. Nimemwandikia tena.

Roxy


Spokane,
22 Januari 2017

Roxy mwanangu,

Salamu nyingi, na samahani.

Mzee Dussault, mwenye nyumba wetu, alifariki mwezi wa nane. Wanawe hawakutaka nyumba ya kupangisha, walitaka kuiuza, wakatupa notisi. Sikuwalaumu. Nikaanza kuzunguka. Kila nyumba kodi imepanda kama iliyotiwa hamira, na kila mwenye nyumba anataka mwezi wa kwanza, na wa mwisho, na dhamana, vyote siku moja. Pensheni yangu unaijua. Nyumba ya hifadhi ya familia ina orodha ndefu, tumo, hatujafikiwa. Ile ya wanaume hawapokei mtoto. Yule dada wa mapokezi aliniambia, "Mzee, wewe kitanda unacho hata leo. Huyo ndiye sina pa kumweka." Nikamwambia basi tutatoka wote.

Nilipanga kukuambia tukishapata pa kukaa. Niliona ukweli huu ungeubeba wewe tu humo ndani, huna pa kuupeleka.

Usidhani tunashinda kama mbwa. Asubuhi tunanawa kwenye choo cha maktaba, Junie anaenda chekechea, anakula huko. Mchana nashinda maktaba. Jioni ni supu ya kopo, naipasha kwenye jiko dogo la kambi. Yeye ana kiti chote cha nyuma na mablanketi yote mazuri. Shule hawajui. Nilimfundisha aseme tunakaa kwa rafiki wa babu, na akasema, "Rafiki wa babu anaitwa gari."

Lakini baridi, Roxy. Baridi ya mwaka huu haina utani. Nalazimika kuwasha injini ili gari lipate joto, nazima, nawasha tena. Naacha kioo wazi kidogo ili hewa ipite. Tukiwa tumesimama ukutani, moshi haupati pa kwenda, unatuzunguka na kuingia. Nausikia puani. Na huo ndio moshi ambao kampuni imekubali mbele ya jaji kwamba ulikuwa mbaya kupita kiasi. Wakati wa kusoma ile barua yao nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana wanauliza gari linatumika kwa matumizi gani.

Juma lililopita alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikamkimbiza kliniki. Daktari ni mama kijana, Daktari Pradhan, mpole. Alimpa mvuke wa dawa, akanigeukia.

"Nyumbani kuna anayevuta sigara?"

"Hakuna."

"Mnapashia nini joto? Kuni? Mafuta ya taa?"

Junie akanitangulia kujibu. "Dizeli," akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Dizeli ya nini, Bwana Brandvold?"

Nikasema nina karakana yenye hita ya zamani. Akasema, "Popote ilipo hiyo dizeli, huyu mtoto asiwe karibu nayo. Si kesho. Kuanzia leo."

Nikizima injini, anatetemeka. Nikiwasha, anakohoa. Nimekaa na mambo hayo mawili mkononi, sijui ninyanyue lipi. Namtazama amelala nasema nizime. Nagusa mguu wake, umekuwa barafu, nasema niwashe.

Umetaka kila kitu. Hicho ndicho kila kitu.

Baba yako


Gereza la Wanawake,
8 Februari 2017

Baba,

Hati iko humu, imesainiwa na ina muhuri. Jana ndiyo walifungua jengo.

Nikueleze ilivyokuwa. Ofisa wa muhuri ni bwana mmoja ana tai na mafua. Nilisoma karatasi za kampuni kabla ya kusaini, kitu ambacho nadhani hajazoea kuona. Kuna mahali panasema nikishapokea malipo sitawadai tena kwa jambo lolote linalotokana na gari hili. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na kifua cha mtoto wangu kiko wapi humu?"

"Kifua hakimo," akasema. "Humu mna gari tu."

"Amekuwa akivuta moshi huo majira yote ya baridi."

"Mama, mimi nashuhudia sahihi. Unasaini au nimwite anayefuata?"

Nyuma yangu mmoja akasema, "Saini bwana, chakula kinapoa." Nikasaini. Wanalipa chuma, Baba. Chuma kina bei yake kwenye kitabu cha bei za magari, kila mwaka na maili zake. Pumzi ya Junie haina kitabu.

Sasa sikiliza, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Wanasema kuanzia karatasi zikifika mpaka siku ya kupeleka gari inaweza kuchukua miezi. Junie hana miezi. Mpeleke ustawi wa jamii. Mpeleke wewe mwenyewe, umemshika mkono, kabla yule daktari hajawatuma waje kumvuta kutoka garini mbele ya watu. Waambie ukweli wote. Waambie mama yake ndiye aliyesema.

Najua hao watu. Najua mtoto akiingia mlango ule kumtoa ni kazi. Najua jaji anaweza kunitazama mimi na rekodi yangu, na wewe na gari lako, akaona afadhali akae kwa wageni mpaka awe mkubwa. Nimelijua hilo nilipokuwa naandika, na bado naandika. Usiwashe tena injini ile mwanangu akiwa ndani. Na usimwache agande. Kwa hiyo hakuna kingine.

Roxy


Spokane,
3 Machi 2017

Roxy mwanangu,

Salamu. Hati ilifika, nikaituma kampuni siku ile ile. Wamejibu haraka kuliko nilivyotegemea. Wametupa tarehe 18 Aprili kupeleka gari kwa wakala wao.

Lile lingine nilikataa. Nilikaa nalo kama majuma mawili, nimekukasirikia, nikisema moyoni mwangu wewe uko mbali, ni rahisi kuamuru. Halafu kukaja ule upepo wa kaskazini. Nikaegesha mbali na ukuta, nikafungua vioo viwili, nikawasha, na bado akakohoa, na mara akaacha kukohoa, nikadhani kapata nafuu. Kumbe alikuwa hana nguvu ya kukohoa. Nikampeleka hospitali kubwa. Walimtuliza. Tulipotoka hatukurudi garini. Tulienda moja kwa moja pale uliposema.

Ofisa aliyetupokea anaitwa Bi. Okerlund. Mama mnene, kwenye sweta lake amebandika pini ya bundi. Nikamwambia nimemleta mjukuu wangu kwa sababu siwezi kumpa joto bila kumpa sumu. Hakuandika kitu. Alisema, "Kaa kwanza, mzee. Umekula?"

Junie alikuwa anachezea pini ya bundi. Bi. Okerlund akamweleza kwamba atakaa kwa muda kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye mbwa. Akauliza mbwa anaitwa nani. Akaambiwa Biskuti. Akacheka. Halafu akanitazama.

"Na babu atalala wapi?"

"Babu ana mambo ya kushughulikia," nikasema.

"Siyo nilichouliza."

Nikamwambia nitalala garini siku chache. Junie akavua kofia yake, ile ya sufu ya waridi, akanivalisha. Hainiingii, imekaa juu kama kifuniko cha chupa. Akasema, "Usiivue." Wakamtoa kwa mlango wa upande. Hakulia. Ningependa angelia.

Ruhusa ya kumwona ninayo, kila Jumamosi, chumba chenye vinyago, ofisa amekaa pembeni. Jaji ataamua mwezi wa sita. Bi. Okerlund alisema mambo ni wazi: kukiwa na nyumba, kuna la kuzungumza. Bila nyumba, hakuna.

Kampuni wana sharti moja. Gari lazima lifike kwa injini yake. Likivutwa kwa kamba hawalipokei, hawalipi. Injini siku hizi inagonga ikiwaka, na sitaki ifie kwenye kunipasha joto mzee mimi. Siiwashi mpaka siku hiyo.

Baba yako


Gereza la Wanawake,
15 Machi 2017

Baba yangu,

Salamu na shukrani. Sijui kama mtu anaruhusiwa kumshukuru baba yake kwa kitu kama hicho. Bi. Okerlund alinipigia simu kupitia mkuu wa jengo, akanisomea karatasi zote. Alisema Junie analala na yule mbwa na kikohozi kimepungua. Nilishukuru, nikarudi kwenye chumba changu, nikauma mto.

Sasa nakuomba wewe. Injini iwashe. Uko peke yako humo, na umri wako si wa kulala kwenye chuma baridi. Gari likifa, life. Tutatafuta njia nyingine. Sina baba mwingine.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Roxy


Gereza la Wanawake,
10 Aprili 2017

Baba,

Barua yangu ya mwezi uliopita hujaijibu. Nimeandika kadi, nayo kimya. Bi. Okerlund anasema Jumamosi tatu hukufika kumwona Junie, na Junie anakaa dirishani mpaka muda unaisha.

Mtu yeyote atakayefungua sanduku hili la posta, naomba anijibu. Naitwa Roxanne Brandvold. Baba yangu ni mzee mrefu, ana gari la kijivu.


Spokane,
2 Mei 2017

Roxy mwanangu,

Niko hai. Naanza na hilo maana najua ndilo unalotafuta.

Mapafu yalinijaa maji. Vijana wanaokusanya vitoroli vya supamaketi waliona vioo vimeganda kwa ndani, wakagonga, sikujibu, wakaita gari la wagonjwa. Nilikaa hospitali karibu mwezi mzima, na siku nyingi katika hizo sikujua jina langu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekatwa. Sivihitaji sana. Barua zako nilizikuta posta zote pamoja, nikazisoma nimesimama palepale, na mama wa dirishani akaniletea kiti.

Nilitoka hospitali siku moja kabla ya miadi ya gari. Nikaenda supamaketi kwa fimbo. Gari halipo. Lilikuwa limesimama mno, wamelivuta mpaka yadi ya magari yaliyokamatwa, nje ya mji. Nikapanda basi, nikatembea kipande kilichobaki. Mwenye yadi ni bwana anaitwa Barajas, mfupi, anakula alizeti na kutema maganda anapozungumza.

"Mzee, lile la kijivu ni lako? Lile la wale matapeli wa dizeli?"

"La binti yangu."

"Kila siku likikaa hapa lina malipo. Unazo?"

"Sina. Kesho nitakuwa nazo, nikilifikisha kwa wakala likiwa linatembea. Usiponipa leo, sitakuwa nazo kamwe."

"Kila anayekuja hapa ana kesho yake," akasema, akatema ganda.

Nilikaa juu ya tairi. Nikamweleza. Sikupanga kumweleza, yalitoka tu: wewe, Junie, moshi, jaji wa mwezi wa sita. Nilikuwa bado nimevaa ile kofia ya waridi. Alisikiliza mpaka alizeti zikaisha. Akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu moja, akasema, "Wale watu wanakagua matairi?"

"Wanachotaka ni litembee."

"Haya yako ni ya theluji, bado mazima. Niachie haya, nikufungie vipara. Tumemalizana."

Akayabadilisha mwenyewe. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Akaleta gari lake, tukaunganisha nyaya. Nikazungusha ufunguo, kimya. Tena, kimya. Barajas akatia kichwa chini ya boneti, akafanya sijui nini, akasema jaribu. Injini ikakohoa, Roxy, ikakohoa kama Junie, moshi mweusi ukajaa yadi nzima, halafu ikashika. "Usiizime," akasema. "Ukiizima kati ya hapa na kule, mimi sipo." Nikakaa nayo ikinguruma mpaka wakala alipofungua asubuhi. Barajas aliniletea kahawa na blanketi, akaacha geti wazi.

Nilikwenda taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Mlima wa mwisho likaanza kulegea, nikazima redio, kana kwamba redio ingesaidia. Kwa wakala alitoka binti kijana na karatasi zake. Akalizunguka, akaandika maili, akaona matairi, akaniona mimi. Akaingia, akasogeza gari mbele kidogo na nyuma kidogo.

"Linatembea," akasema. "Basi."

Nikamuuliza yanapelekwa wapi. Akasema kuna uwanja mkubwa nje ya mji, wanayapanga huko maelfu, hata wao hawajui watayafanyaje. Nikatoa mablanketi na jiko. Nilitaka kuwa na uchungu, maana ni pesa ya mama yako. Nikakuta sina uchungu wowote. Nililitemea mate, binti akageuka kando kwa adabu.

Malipo yaliingia. Nimepata vyumba viwili juu ya duka la mashine za kufulia nguo. Sakafu ina joto muda wote kutoka chini, na harufu ni ya sabuni. Siku ya kusaini mkataba niliingia napepesuka, mwenye nyumba akadhani mimi mlevi, nikamwonyesha mguu.

Kilichobaki nimekiweka, kitoshe gari dogo la petroli, kuukuu, siku utakayotoka. Kazi yako ya usafi nimeikumbuka.

Baba yako


Spokane,
9 Juni 2017

Mwanangu Roxy,

Salamu za heri, na natumaini umelala usingizi tangu siku ile ya simu ya mahakamani. Mimi mguu unapona, na natembea bila fimbo nikiwa ndani.

Uamuzi wa jaji uliusikia kwa masikio yako, kwa hiyo sitaurudia. Nilisikia ulivyovuta pumzi kule upande wa pili wa simu, na jaji naye alisikia. Lakini yaliyofuata hukuyaona, na nimeahidi kutokuficha kitu.

Bi. Okerlund alimleta jana alasiri. Amerefuka. Amenenepa mashavu. Alikuwa na begi mgongoni na picha ya yule mbwa kwenye fremu, na alikuwa amelia njiani kwa ajili ya mbwa na mama wa mbwa. Sikuona vibaya. Watu hao walimpa pumzi.

Aliponiona alikuja, akanishika kiuno, akakaa hivyo. Halafu akaanza kuangaza macho barabarani, upande huu na upande ule.

"Gari liko wapi?"

"Nimelirudisha kwa wenyewe. Halipo tena."

Nilitegemea atafurahi. Akaweka begi chini kwenye kona ya njia, akaketi juu yake, kama mtu anayejiandaa kusubiri.

"Basi tutalala wapi?" akaniuliza.

Bi. Okerlund akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikamwekea mkononi. Akauangalia. Akaangalia ngazi. Akapanda mwenyewe, ngazi moja moja, akanyoosha mkono mpaka kitasani, akauzungushazungusha ufunguo mpaka mlango ukafunguka.

Amelala sasa ninapokuandikia. Hakohoi.

Baba yako,
Lyle